Siku Niliyomfukuza Mke wa Mjukuu Wangu kwa Kiingereza

Nikipita kisimani siku hizi wanawake wananyamaza, na watu wakinyamaza ukipita ujue ulikuwa mdomoni mwao. Sikatai. Nilichokifanya ni aibu, tena aibu ya mchana kweupe mbele ya watu waliokula kuku wangu, na sina wa kumsingizia kwa sababu nilikanywa na mtu mwenye akili kuliko mimi nikajifanya sisikii. Basi acheni niseme mwenyewe, maana hao wa kisimani wanaongeza chumvi (wapo wanaosema nilimpiga yule binti kwa mwiko, uongo mtupu, mwiko nilikuwa nimeushika tu).

Mimi ni bibi wa hapahapa Ulemo, shule niliishia darasa la pili, nikatolewa kwenda kuchunga. Nilijaliwa watoto wa kiume wawili. Samweli ndiye huyu ninayeishi naye. Mkubwa wake, Eliya, alikuwa dereva wa wale wazungu waliokuja kutoboa toboa mawe kutafuta madini, na katika kuwaendesha huko na huko akapendana na mmoja wao, msichana mpole ambaye alikuwa anakula mlenda kwa kijiko, wakaoana, wakaenda kwao Ulaya, wakapata mtoto, Danieli. Halafu Eliya akafa kulekule. Aliletwa ndani ya sanduku, mkewe nyuma na mtoto mgongoni, mtoto hata hajajua kusimama vizuri, tukazika, wakaondoka. Tangu hapo Danieli mimi nilimjua kwenye simu ya Samweli tu, picha baada ya picha, anarefuka, anaota ndevu, anacheka kama baba yake, lakini Kiswahili hajui hata cha kuombea maji.

Sasa kwetu, kwenye ukoo wetu, mtoto wa marehemu lazima aweke jiwe lake kwenye kaburi la baba yake kwa mkono wake mwenyewe akishakuwa na akili. Kama hajaweka, msiba ule haujaisha, unakuwa kama nyumba isiyoezekwa upande mmoja. Mimi nilikuwa namwomba Mungu kitu kimoja tu kabla hajanichukua, nimshike mkono mjukuu wangu tupande naye pale nyuma ya shamba la alizeti, aweke jiwe. Hicho tu. Kwa hiyo siku Samweli alipokuja mbio na simu yake akasema, "Mama, Danieli ameoa, na anakuja na mkewe, anataka kuliona kaburi la kaka," nilikaa chini palepale kwenye maganda ya karanga, nikalia mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Kilio kilipokwisha nikaanza kuwaza nitampokeaje. Kuna kitu cha kwetu ambacho wengi wenu mnakijua. Bibi na mjukuu wake wa kiume ni mtu na mume wake kwa utani. Mimi wajukuu zangu wote wa kiume nawaita mume wangu tangu wako na kamasi, naye akikua anakuja ananiambia, "Mke wangu, mbona hujapika?" nami namjibu mwanamume asiyeleta kitoweo anaulizaje chakula. Siku anapooa ndipo mambo yanapokolea. Bibi anajipamba, anasimama mlangoni, anamkatalia bibi harusi, "Umeninyang'anya mume, rudi kwenu!" Na bibi harusi aliyefundwa vizuri anajibu, "Pisha huko kizee, meno yamekwisha, mume wa nini?" Watu wanacheka, wazee wanachochea, mabibi wengine wanalificha begi la bibi harusi mpaka aseme neno la kuchekesha, mwishowe bibi anashindwa, anamshika mkono anamuingiza ndani na kumpa kuku jike. Hiyo ndiyo karibu yetu, na mimi (nisijisifu, lakini hata hao wa kisimani watakubali) ndiye bingwa wa hiyo kazi kijiji kizima. Nikasema, mke wa Danieli nitamkaribisha hivyohivyo, na kwa lugha yake mwenyewe, Kiingereza, ili ajue bibi wa mume wake si mtu wa kutafsiriwa.

Jirani yangu ana binti anafundisha shule ya msingi, Mwalimu Tumaini. Nikamwita. Akawa anakuja akitoka kazini, mimi napeta mtama yeye ananifundisha. Nikamwambia, mama, sitaki maneno makubwa, nipe yale madogo madogo ya mimi na wewe na yule, mengine nitayajaza kwa mikono.

Jamani, nilidhani yale madogo ndiyo rahisi. Sisi tuna "yeye", basi, awe mwanamume awe mwanamke awe mchungaji, ni yeye. Wenzetu wamemkata yeye vipande viwili, mwanamume ni "hi", mwanamke ni "shi", na ukikosea mtu anakasirika. Nikamuuliza Mwalimu, na kama mtu yuko mbali sijamtambua? Akacheka, akasema hapo hata wao wanapata tabu. Halafu "mimi" yao ni "ai", na ukiiandika lazima iwe herufi kubwa popote ilipo, imesimama peke yake kama nguzo ya boma. Nikamuuliza, na "wewe" nayo wanaiandika kubwa? Akasema hapana Bibi, hiyo ni ndogo tu. Nikaguna. Watu wanaoandika mimi kwa kubwa na wewe kwa dogo, nikasema, hao utawatembelea lakini usiwakopeshe jembe.

Ila hiyo "wewe" yao ndiyo ilinishangaza zaidi. Ni "yu", kwa mtoto ni yu, kwa baba mkwe ni yu, kwa watu kumi ni yu hiyohiyo. Mwalimu akaniambia alifundishwa chuoni kwamba zamani za kale walikuwa na mbili, moja ya kumwambia mtoto au mtu wa chini, na hii yu ilikuwa ya watu wengi, halafu ikawa ya kumheshimu mkubwa, na kidogo kidogo kila mtu akataka heshima hiyo, wakampa kila mtu, ile nyingine ikafa. Nikafikiri sana juu ya jambo hilo huku mkono uko kwenye ungo. Nikaona ni kama shikamoo ambayo kila mtu anampa kila mtu mpaka haina tena wa kuipokea.

Na "waif", mke, akasema zamani ilikuwa maana yake mwanamke tu, awaye yote. Na "hazibendi", mume, zamani ilikuwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba! Nilicheka hadi mtama ukamwagika. Nikamwambia basi Mwalimu, kwenye nyumba hii hazibendi ni mimi, maana marehemu mzee wangu aliniachia hii tembe na paa nimeliziba mwenyewe mara tatu. (Na kweli nililiziba, Samweli alikuwa Shelui anapakia vitunguu kwenye malori, mvua haisubiri mtu.)

Kwa hiyo wiki zile nilikuwa natembea naongea peke yangu. Mbuzi dume akipita namwambia hi, kuku jike shi. Watoto wakawa wananifuata nyuma.

Ndipo likaja lile neno dogo lililoniponza. Siku mbili kabla ya wageni Mwalimu Tumaini aliniambia, "Bibi, wenzetu hawana utani huu wa bibi na mjukuu. Yule dada hataelewa. Nitaomba ruhusa shuleni, nisimame karibu yako, nimweleze kwanza, halafu wewe ucheze."

Nikamwambia, "Utani unaoelezwa kwanza ni nyama iliyotafunwa na mwenzio."

"Bibi, nakuomba."

"Wewe njoo jioni, tutakuwa tumeshakaa tunakula. Neno langu kwa mjukuu wangu nitalisema mwenyewe."

Akanitazama, akasema haya Bibi, akabeba daftari zake. Hapo tu. Ningesema "njoo asubuhi" nisingekuwa na cha kuwasimulia leo.

Siku yenyewe watu walijaa uwanjani toka asubuhi. Nilikuwa nimesiliba upya mbele ya nyumba, kaburi la Eliya nimelipaka chokaa, na jiwe nimeshalichagua, jeupe, la kutosha mikono miwili, nimeliweka pembeni ya kaburi linamsubiri. Mimi nikajipamba: kitenge kipya, shanga za mama yangu, shela nimelifanya kwa pazia la dirisha, na mkononi mwiko. Bi Agnesi, shoga yangu wa tangu utoto (masikio yameanza kumkataa lakini miguu bado anayo), alikuwa ndiye wa kuchukua begi.

Gari likasimama. Akashuka Danieli. Sijui niseme nini hapo. Ni Eliya aliyechanganywa maziwa, bega lilelile moja limeshuka. Alikuja kwangu akainama akasema, "Shikamoo, Bibi," vizuri kabisa, nadhani aliifanyia mazoezi njia nzima, nami nikasahau marahaba, nikamshika uso tu. Nyuma yake akashuka mkewe, Ema, mwembamba, jua limempiga pua, anatabasamu kwa kila mtu, begi dogo begani.

Nikajikumbusha kazi yangu. Nikamwacha Danieli, nikarudi mlangoni, nikatanua miguu, nikainua mwiko, nikasema kwa sauti ya kanisani, "Hi mai hazibendi!"

Watu wakalipuka. Kiingereza hawakijui lakini shela la pazia wanalijua. Ema naye akacheka kidogo, akamtazama mumewe. Danieli akacheka kidogo, akamtazama baba yake mdogo. Samweli (ambaye Kiingereza chake ni cha kuhesabu magunia) akapiga makofi. Nikaona mambo yanaenda.

"Yu no waif! Ai waif!" Nikajipiga kifua. Kisha nikamnyooshea mwiko, nikaonyesha gari, "Yu go! Go hom!"

Pale ndipo zamu yake ya kunijibu. Nikasubiri. Tabasamu likawa linaondoka taratibu kama maji kwenye mchanga, na macho yakalowa. Na mimi, bingwa, nikasema moyoni, ahaa, huyu amefundwa kwelikweli, anajua kulia! Maana wapo mabibi harusi wetu wanaolia mlangoni, na akilia unamzidishia, hiyo ndiyo raha yenyewe. Nikapaza sauti, "Shi kam, shi tek mai hazibendi! Go, go, go!" na wenzangu wakaitikia "Go! Go!" uwanja mzima, mpaka watoto, na Bi Agnesi akaruka akanyakua lile begi begani kwa binti na kukimbia nalo nyuma ya nyumba, vigelegele vikampeleka.

Yule binti akapiga kelele. Halafu akashika kifua. Akawa anavuta pumzi, inaingia kwa sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake jeupe.

Danieli akageuka, uso umebadilika, "Begi! Begi!" Na neno hilo jamani ni lilelile kwao na kwetu, hakuna aliyeweza kusema hakuelewa. Lakini mzee mmoja akasema kwa kucheka, "Ajibu kwanza, ndiyo apewe!" Na mimi niliyesimama mlangoni na shela la pazia, mimi, nikasema, "Ndiyo, ajibu kwanza."

Nilisema hivyo. Hao wa kisimani hilo hawalijui, nawapa bure.

Samweli ndiye aliyeshtuka, akasema, "Mama, huyu ana pumu, midomo inakuwa ya bluu!" Kile kidude cha kupulizia kilikuwa ndani ya begi. Tukaanza kumwita Bi Agnesi. Nyuma ya nyumba hayupo. Kumbe kwa kuupenda utani alikuwa amelipeleka begi mpaka kwake, ng'ambo ya shamba, amelifungia ndani, na yeye ametulia uani kwake anasubiri aitwe, na kuitwa kwenyewe hasikii. Samweli akadandia bodaboda ya watu. Sisi tukabaki. Danieli amemshika mkewe kwa nyuma anamwambia maneno taratibu, binti anavuta, haipati, na uwanja uliokuwa unapiga kelele "go" sasa unasikia kuku tu. Nilienda na kikombe cha maji. Danieli akainua mkono, hakunigusa, aliuinua tu hivi, nisisogee. Nikasimama na kikombe changu na shanga zangu.

Begi likaja. Akapuliza mara moja, mara mbili, pumzi ikarudi kidogo kidogo. Ndipo Mwalimu Tumaini akaingia anakimbia, chaki bado iko mikononi, kuna mtoto alimfuata shuleni kumwambia. Akaongea na Danieli kwa muda. Nikaona anamweleza, anaonyesha mlango, ananionyesha mimi, Danieli anaitikia kwa kichwa, hata akatabasamu kidogo, lakini lile tabasamu halikufika popote.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema ameelewa, Bibi. Anasema hakukasirikii."

"Na nini tena? Amesema maneno mengi."

Mwalimu akatazama chini. "Anasema yeye ameelewa, lakini mke wake alikuwa anakufa na watu walikuwa wanacheka. Hajui atamwelezaje hilo."

Wakampakia kwenye gari wampeleke hospitali mjini Singida. Danieli akaniambia kupitia kwa Mwalimu kwamba wakiamka salama watarudi kesho yake, aende kaburini. Alisimama akatazama kule nyuma ya shamba, kaburi lilikuwa linaonekana jeupe pale alipo, umbali wa kutupa jiwe tu, na nikataka kumvuta mkono sasa hivi, twende, dakika moja tu, lakini mkewe alikuwa kwenye gari na mimi sikuwa na neno. Lile la "twende" sikujifunza. Nilikuwa nimejifunza la "nenda".

Kesho yake nilikaa kaburini tangu umande haujakauka. Nilikaa mpaka jua likageuka. Samweli akaja anatembea polepole, na mtu mwenye habari njema hatembei hivyo. Ema hakutaka kurudi Ulemo. Daktari alisema asipate vumbi wala hofu. Walikuwa njiani kwenda Dodoma, wapande ndege warudi kwao. Nikamuuliza Samweli, hilo jiwe tulifanyeje? Akasema, "Liweke wewe, Mama." Nikamwambia jiwe la mtoto haliwekwi na mama. Likabaki palepale pembeni, na lipo mpaka sasa, majani ya mwaka huu yamelizidi.

Baada ya miezi kadhaa ilikuja sauti ya Danieli kwenye simu ya Samweli. Nikamwita Mwalimu. Anasema mkewe ni mzima, kazi ni nyingi, hajui lini atapata nafasi ya kuja tena, tumsalimie bibi. Nikaomba aicheze tena, na tena. Mwalimu aliniambia, Bibi, simu ya mwanao itaisha chaji. Mimi nilitaka tu kusikia anavyovuta pumzi katikati ya maneno, Eliya alikuwa anavuta hivyohivyo.

Basi nikaapa. Nikasema mdomo huu hautamtania tena bibi harusi wa mtu, iwe kwa Kiingereza, iwe kwa Kiswahili, iwe kwa Kinyiramba nilichozaliwa nacho. Nilijifunza kwamba utani ni wa mtu ambaye tayari anajua unampenda, na yule binti alikuwa hajapata hata robo saa ya kujua.

Na kiapo chenyewe sikijui kama ni dawa au ni ugonjwa mwingine. Baada ya mavuno Yona, kijana wa Samweli, ameoa binti wa Ilongero, anaitwa Neema. Watu walijaa tena uwanjani, wengi wao walewale. Bibi harusi akaja mpaka mlangoni, mimi nikapisha. Nimevaa kitenge cha kawaida, nikasema karibu mjukuu wangu, pita. Bi Agnesi alinikonyeza, nikatazama pembeni. Neema hakupita. Alisimama pale na jibu lake mdomoni, walimfunda kwao kwa wiki nzima, naliona lile jibu linatetemeka kwenye midomo, halafu akasema kwa sauti ndogo, mimi tu niliyesikia:

"Bibi, mbona hunifukuzi?"

Nikafungua mdomo. Nawaambia kweli, nilitaka. Maneno ninayo tangu ujana wangu, ningemwambia rudi kwenu Ilongero mwizi wa waume. Lakini nilisikia ile pumzi ya mlango usiotiwa mafuta, nikaufunga mdomo. Nikampa kuku jike mkononi. Akampokea, akaingia ndani analia, na safari hii nilijua analilia nini.